Picha Mbili za Namakolo

Mume wangu Klementi siku hizi hupiga picha hapa Mingoyo, penye njia panda, akiwa na kamera ya miguu mitatu na shuka nyeusi. Wanaokuja kwake wanajua jambo moja: yule bwana ni mkali. Bwana harusi akija na tabasamu la kuazima huambiwa afunge kinywa. Wazee wenye kanzu na bakora zao huambiwa wakae sawa, nao hukaa. "Picha haina kufuta," ndivyo asemavyo. Mimi humcheka. Humwambia, Baba Sebastiani, iko siku utampiga Liwali picha ya kisogo kwa sababu hakukaa unavyotaka.

Naandika habari zake kwa sababu wanaozisimulia wanazisimulia vibaya. Hapahapa Mingoyo nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe mtu akisema kuwa Klementi aliwauza ndugu zake kwa wazungu. Nilimpa maneno yake pale pale, na nikimkuta tena nina mengine nimemwekea. Nina hasira, sifichi, wala sitaki mtu anitulize. Lakini simkasirikii mume wangu. Kaeni niwaeleze ninawakasirikia nani.

Kwao Klementi ni Namakolo, vilimani nyuma ya Kinjumbi. Mimi ni wa Kilangala, Namakolo niliijua nilipoolewa. Huko nyumba hazipangwi mstari mmoja. Kila mtu ana kilima chake na mti wake wa kivuli, na chini kuna bonde la udongo mweusi ambapo mpunga huota kama umetumwa. Shamba likichoka huachwa lipumzike, vichaka vikarudi, na mwenyewe akahamia upande wa pili akijua kuwa atarudi. Mgeni asiyejua huona pori. Mwenyeji anaona shamba la babu yake, tena anaweza kukuonyesha mpaka ulipo.

Na huko kuna desturi moja ambayo kwetu Kilangala sikuwahi kuiona. Mtoto wa Namakolo hufundishwa kuzima moto kabla ya kufundishwa sala ya Baba Yetu. Ikisikika habari ya askari, ya karani, ya mzungu yeyote aliyetumwa, mchanga unamwagwa mafigani, chungu kinabebwa kama kilivyo, na watu wanaingia kichakani. Haulizwi mtu. Siku ya kwanza nilipoona jambo hilo nilicheka, kwa kuwa aliyekuja alikuwa mpimaji wa homa ya ng'ombe, na Namakolo haina ng'ombe hata mmoja. Mama mkwe wangu, Rosalia, alinitazama mpaka kicheko kikanikauka.

Alinieleza baadaye. Wakati wa vita vya Maji Maji askari wa Mjerumani walikuwa wakisimama kilimani asubuhi, wanatazama moshi unapotokea, kisha wanashuka. Kila penye moshi walichoma ghala. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko bunduki. Halafu vikaja vita vya Mwingereza na Mjerumani, na wachukuzi wa mizigo wakatafutwa kwa njia ile ile. Mume wa Rosalia alikuwa anachoma mihogo, Klementi akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Waliufuata moshi wa mihogo ile, wakamfunga kamba na wenzake, na hakurudi. Kwa hiyo watu wa Namakolo wanasema moshi ni mdomo, usiuache useme ovyo.

Klementi alilelewa na misheni, akafundishwa kusoma, kisha akaenda Lindi kutafuta kazi. Bwana Yahya, Mwarabu wa Kishihiri mwenye studio nyuma ya soko, alimchukua kufagia. Baada ya muda alikuwa anaosha filamu katika chumba cha giza, na baada ya muda mwingine Bwana Yahya mwenyewe alikuwa anakaa nje akinywa kahawa na Klementi ndani akifanya kazi. Tukaoana, tukapata Sebastiani. Tulikuwa tunaishi vizuri, kama watu wanaoishi.

Ndipo ikaja ile miaka ya mradi wa karanga, Waingereza walipopandwa na wazimu wa mashamba makubwa. Kila mzungu aliyeshuka Lindi alikuwa na ramani kwapani. Kampuni moja ya mkonge ililitamani bonde la Namakolo. Ikaleta ndege ndogo ya injini mbili na mpiga picha wa kizungu wa kupiga nchi yote ile kutoka juu. Huyo mpiga picha aliteleza kwenye ngazi ya ndege akavunjika mkono kabla hata hawajaruka. Meneja wa kampuni, Bwana Hobu, akaja mbio studio. Bwana Yahya alisema moyo wake ni mdogo, hauwezi mambo ya angani. Akamsukuma Klementi mbele.

Nitasema kweli, siku zile za mwanzo tulifurahi. Klementi alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena. Alipelekwa uwanja wa ndege ajizoeze ndege ikiwa chini, akarudi nyumbani ananiambia kuwa nguo zake zote hazifai. Ndani ya chumba cha rubani, alisema, kioo kimemzunguka mtu mbele na ubavuni, na ukivaa shati jeupe kioo kinalirudisha, likatokea kwenye picha kama jini limekaa juu ya mawingu. Anataka shati jeusi, jeusi kabisa, hata vifungo. Nilimshonea shati la kaniki. Jirani zangu walipoliona kwenye kamba waliuliza nani amefariki, na mimi nikawajibu kuwa hajafariki mtu, mume wangu anakwenda mbinguni na kurudi.

Alikuwa anakaa kiti cha kulia, kando ya rubani. Rubani aliitwa Bwana Pimu, kijana aliyepigana vita vya Hitla, mwenye Kiswahili cha kambini. Kamera ilikuwa nzito, ina mishikio miwili kama sufuria. Klementi alinionyesha kwa mikono mitupu jinsi ya kuishika: viwiko visiguse mlango wala dirisha, vikae hewani, kwa kuwa mwili mzima wa ndege unatetemeka na ukiuegemea picha nayo inatetemeka. Bwana Pimu akilaza ndege ubavu ili bawa lisiingie kwenye picha, Klementi anasukuma kioo cha pembeni, upepo unamkamata mashavu, anabana pumzi, anapiga. Kisha anafunga kioo na kuanza kutetemeka, maana huko juu kuna baridi.

"Mama Sebastiani," aliniambia siku ya kwanza, "Lindi yetu ni ndogo, naweza kuifunika kwa kiganja. Nimeona na njia panda ya Mingoyo. Malori yanatembea kama siafu, na kila dereva anadhani yeye ni mkubwa."

Siku iliyofuata waliruka kaskazini, wakapita Kilwa, wakageukia vilimani. Alirudi nyumbani jioni. Nilimwekea chakula akakisukuma. Nikadhani ametapika angani, nikaanza kumtania. Akaniambia, "Leo nimempiga mama yangu picha, na hayumo."

Alikuwa ameliona bonde lote. Aliutambua mto unapopinda, akautambua mwembe uliopigwa na radi, akaliona paa la mama yake. Bwana Pimu alikuwa ameshusha ndege chini sana. Uani kinu kilikuwa kimesimama na mchi ungali ndani yake. Kuku walikuwa wanakimbia huku na huku. Lakini hapakuwa na mtu, si pale, si kwa jirani, si bonde zima, na hapakuwa na moshi hata mmoja. Mngurumo ulikuwa umewafikia kabla ya ndege, nao walifanya kama walivyofundishwa.

"Hapana watu hapa," alisema Bwana Pimu.

"Wapo, Bwana," alisema Klementi. "Wamejificha."

"Jificha kwa nini?"

"Wanatuogopa."

Bwana Pimu alicheka, si kwa ubaya, akampa biskuti. Klementi akapiga picha zilizotakiwa, kwa kuwa ndiyo kazi aliyotumwa. Angefanya nini? Angeruka dirishani? Wanaomlaumu leo nataka waniambie wao wangefanya nini, wamekaa juu ya vilima vya kwao na mzungu ndiye ameshika usukani.

Alizisafisha picha mwenyewe katika chumba cha giza cha Bwana Yahya, akazipeleka ofisi ya kampuni. Alikuwepo Bwana Hobu, na alikuwepo afisa mmoja wa mambo ya ardhi, mtu mpole mwenye sauti ya chini, ambaye mimi namchukia kuliko Bwana Hobu. Picha zilibandikwa ukutani. Bwana Hobu akasema: tazameni, bonde ni tupu. Vibanda hivyo ni mahame, wenyewe wamekwisha kuhamia pwani. Mashamba yamerudi pori. Nchi inamngoja mtu wa kuitumia.

Klementi alikuwa mlangoni, ameambiwa asubiri vifaa. Akasema bila kuulizwa, "Watu wapo."

Bwana Hobu aligeuka. "Picha hii amepiga nani?"

"Mimi."

"Ulimwona mtu?"

"Sikumwona. Waliingia kichakani. Ndiyo desturi yao, Bwana, wakisikia serikali. Mama yangu anakaa pale."

Afisa yule mpole aliinua uso. Alisema kwa sauti yake ya chini kwamba jambo hili ni rahisi. Ndege itapita tena kabla ya mvua kuonyesha mpaka wa shamba. Kama kuna watu, basi waonekane. Wakionekana, ardhi yao itaheshimiwa. Klementi aliyapokea maneno hayo kama kiapo. Aliyarudia kwangu jioni ile neno kwa neno, mara mbili, akiwa amesimama mlangoni bado amevaa shati langu la kaniki. Wakionekana, ardhi yao itaheshimiwa.

Basi tukapanda lori, mimi na yeye, tukamwacha Sebastiani kwa dada yangu. Kutoka Kinjumbi tulipanda vilima kwa miguu. Rosalia alikuwa uani anatwanga mtama. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha mchi. Klementi akamwita Mzee Alfonsi, aliyekuwa jumbe wa Namakolo, na watu wengine wakaja wenyewe kwa kusikia.

Aliwaeleza yote. Aliwaeleza kuwa yeye mwenyewe alikuwa ndani ya ile ndege, na hapo watu waliguna, na mama mmoja akasogea nyuma. Akawaambia siku ndege itakaporudi wasikimbie. Watoke nje, kila mtu asimame mbele ya nyumba yake, na kila nyumba iwashe moto, moto wa majani mabichi, moshi upande.

Mzee Alfonsi alikuwa mtu wa kupima maneno, tena mzani wake ulikuwa mzito upande wake mwenyewe. "Klementi," alisema, "umesoma, hatukatai. Lakini tangu lini mtu akamwita mwewe aje ahesabu vifaranga?"

"Mzee, mwewe amekwisha kuja. Amesema hakuna vifaranga, kwa hiyo anachukua banda."

"Na akiwaona?"

"Akiwaona, ardhi yenu itaheshimiwa. Amesema mwenyewe, nikisikia."

"Amesema," alirudia Mzee Alfonsi, na watu wakacheka kidogo, kicheko kibaya.

Nilishindwa kuvumilia. Nikasema kwetu Kilangala mtu akidai shamba husimama ndani yake, hajifichi nyuma yake. Mzee Alfonsi aliniambia kuwa mke wa Kilangala anaweza kusubiri aulizwe. Nikanyamaza, lakini sikunyamaza vizuri.

Mabishano yalikwenda mpaka jua likageuka.  Klementi alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya mzee yule, akasimama, akapiga tena. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Hapo ndipo Rosalia akaulaza mchi chini. 

"Hiyo ndege," alisema, "siku hiyo na wewe utakuwamo?"

"Nitakuwamo, mama."

"Utakuwa unatutazama wewe, si wao tu?"

"Mimi ndiye nitakayetazama. Wao wanatazama nilichotazama mimi."

Rosalia aliwageukia watu. Alisema, "Baba yake aliondoka hapa kwa sababu ya moshi. Mimi ndiye nilikuwa nimeuwasha ule moto, mnajua wote. Tangu hapo sijawasha moto mchana bila kusikiliza kwanza. Mtoto huyu nilimziba mdomo kichakani mpaka karibu nimuue. Leo anasema niwashe. Mimi nitawasha." Kisha akaokota mchi akaendelea kutwanga, na mabishano yakaishia hapo.

Klementi akarudi Lindi. Mimi nikabaki, kwa kuwa nilitaka kuona kwa macho yangu.

Siku ilipofika, mngurumo ulisikika asubuhi wakati umande bado uko kwenye majani. Sijui niseme vipi ilivyokuwa. Mimi sikuwa na hofu, ndege nilishazizoea Lindi. Lakini niliwaona watu wazima, wanaume wa kukata miti mikubwa, wamesimama mbele ya nyumba zao, macho kichakani. Mzee Alfonsi alikuwa amevaa koti lake la ujumbe, amelifunga vifungo vyote kwa makosa. Mama mmoja alimshika mtoto akakimbilia kichakani, na Rosalia akamfuata, akamshika mkono, akamrudisha mwangani kama anayemtoa mwali nje. Kisha akapiga magoti mafigani akapuliza. Aliweka majani mabichi ya mkorosho. Moshi ulipanda mzito na mweupe, na huko ng'ambo moshi mwingine ukapanda, na mwingine, bonde lote likajaa moshi ambao halikuwahi kuuonyesha mtu yeyote.

Ndege ikashuka. Ikalala ubavu juu yetu. Dirishani niliona mkono wa shati jeusi. Rosalia hakupunga. Alisimama wima, mikono ubavuni, uso juu, kama watu wanavyosimama studio. Watoto ndio waliopunga, halafu wanawake wakapiga vigelegele, halafu Mzee Alfonsi akakaa chini akalia. Hata mimi nililia. Klementi aliniambia baadaye kuwa huko juu alikuwa haoni vizuri ndani ya kamera, alikuwa anajifuta macho na kujitukana na kupiga, mpaka filamu ikaisha.

Nilirudi Lindi nimebeba kuku watatu wa shukrani. Tulikuwa bado hatujamaliza kula wa kwanza walipomwita Klementi ofisini.

Ukutani palikuwa na picha mbili kubwa, zimebandikwa sambamba. Moja ya ndege ya kwanza, moja ya ndege ya pili. Bwana Hobu hakuwa na hasira kabisa. Alikuwa anafurahi. Alimwonyesha afisa yule mpole kwa ncha ya penseli. Hapa, alisema, bonde ni tupu, hakuna mtu wala moto. Na hapa, kabla hata mvua haijanyesha, watu tele, wamekaa kila mahali, wanachoma msitu kufungua mashamba. Wamesikia kampuni inakuja. Wameingia juzi ili wadai ardhi isiyo yao. Hawa ni wavamizi.

Klementi alisema, "Ni watu wale wale." Alisema tena. Alieleza habari ya moto, ya Mjerumani, ya wachukuzi, ya baba yake. Alieleza kwa Kiswahili, kisha akaeleza kwa Kiingereza cha misheni, akidhani labda lugha ndiyo tatizo.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti yake ya chini, "Picha zote mbili umezipiga wewe?"

"Ndiyo."

"Umebadilisha chochote?"

"Sikubadilisha."

"Basi picha ya kwanza inaonyesha hakuna watu, na ya pili inaonyesha wamekuja. Wewe unanitaka niamini kwamba bonde zima, wake kwa waume na watoto, waliweza kujificha kwa dakika moja, bila kubaki hata mmoja?"

"Ndivyo walivyopona mpaka leo," alisema Klementi.

Afisa akaandika. Watu huniambia, Mama Sebastiani, mzungu yule hakuelewa tu, si ubaya wake. Mimi nasema alielewa. Mtu asiyeelewa huuliza tena. Yule hakuuliza tena. Alipata alichokuwa anakitaka, tena kutoka kwenye mikono ya mtoto wa wenyewe, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo nikiamka.

Amri ikatoka kwamba wavamizi wa Namakolo waondoke kabla ya mvua. Askari walikuja na makarani wa kampuni. Watu waliposikia habari zao zinapanda kutoka Kinjumbi walifanya kama zamani. Walimwaga mchanga mafigani, wakabeba vyungu, wakaingia kichakani. Mzee Alfonsi alizima moto wake kwa maji kabisa, ili usibaki hata mvuke.

Haikuwasaidia kitu. Karani alikuwa na picha ya pili mkononi, imekuzwa, na kila penye moshi wamezungushia duara la penseli nyekundu. Askari hawakuhitaji kusimama kilimani. Walitembea kutoka duara hadi duara, wakawatoa watu, wakavunja nyumba, wakatia kiberiti. Nyumba ambazo Mjerumani hakuziona, na Mwingereza wa vita vya kwanza hakuziona, zilionekana zote. Nyumba ya Rosalia ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote pichani. Hata yeye mwenyewe alionekana, amesimama.

Habari zikamfikia Klementi. Alivaa viatu, akaenda ofisi ya kampuni mchana kweupe, akapita mbele ya tarishi, akazibandua picha zote mbili ukutani akazichana. Alipomaliza alikaa kwenye kiti cha Bwana Hobu akasubiri askari. Wakamshitaki kwa kuharibu mali.

Nilikuwepo mahakamani. Hakimu alimwuliza kama anajua kuwa mali ile si yake.

"Nilizipiga mimi," alisema Klementi.

Hakimu akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto: ndege ni ya kampuni, filamu ni ya kampuni, karatasi ni ya kampuni.

"Na moshi," aliuliza Klementi, "ni wa nani?"

Hakimu alisema swali hilo halihusiani na kesi. Akampa kifungo cha miezi mitatu na kazi ngumu. Bwana Yahya alikuja nyumbani kuniambia kwa huruma nyingi kwamba nafasi ya mume wangu amekwisha kumpa mtu mwingine, si unajua hali ya biashara. Nilimwambia najua. Nilimfungulia mlango atoke, kwa kuwa alikuwa ameanza kutafuta kahawa.

Watu wa Namakolo walitawanyika. Wengine wakawa vibarua wa mkonge katika bonde lao wenyewe, wanakata majani ya miba pale walipokuwa wanavuna mpunga. Mzee Alfonsi alifia njiani kwenda kwa binti yake. Rosalia alipata kibanda Kinjumbi, nyuma ya uwanja wa mtu, kwa hisani. Nilimtaka aje Lindi akakataa.

Klementi alipotoka jela hakupumzika hata siku moja. Alisema anakwenda kumwangukia mama yake miguuni. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, midomo inacheza. Tulifika Kinjumbi saa ya kupika, jua kali. Kila nyumba watu walikuwa wanapikia nje. Kibanda cha Rosalia kilikuwa kimefungwa mlango na dirisha, na kila ufa wa ukuta umezibwa kwa matambara.

Nilidhani hayupo. Klementi akasukuma mlango, moshi ukatupiga usoni. Ndani palikuwa na giza. Rosalia alikuwa amekaa karibu na mafiga, macho mekundu yanatiririka, anakoroga uji. Jirani aliniambia baadaye kuwa kikongwe huyo hupika hivyo kila siku, na macho yake sasa ni ya kupapasa.

"Nani? Funga," alisema Rosalia.

"Ni mimi, mama. Klementi." Alipiga magoti pale kizingitini. Maneno yote aliyoyapanga njiani hayakutoka. Akasema tu, "Mama, fungua, moshi utakuua."

"Ukifunguliwa mlango, moshi utatoka nje."

"Uache utoke, mama. Hapa hakuna anayekutafuta."

Rosalia alinyoosha mkono akamtafuta uso, akaushika. Hapakuwa na uchungu katika sauti yake, na mimi ningependa uwepo. "Usilie," alisema. "Wewe hukunidanganya. Uliniambia tukiwasha watatuona, na kweli walituona. Sasa ingia ndani, mwanangu, ufunge."

Klementi aliingia. Nilimwona akivuta mlango kwa mkono wake mwenyewe mpaka ukakaza. Nilibaki nje juani na kikapu changu kichwani, nikiwasikia mama na mwana wakikohoa mle ndani.